Pembe Nne za Shuka

Meli yetu ina ghorofa kumi na mbili.
Asubuhi iliamkia Tallinn, na kutoka meza ya chai
minara ya mji ilionekana ya kuchezea,
kofia nyekundu zilizopangwa na mtoto.
Tukashuka. Mashine ya mlangoni ikalia ti,
kijana wa zamu akanibandika stika kifuani: kumi na nne.
Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Kaarel, kiongozi wetu, alishika mwavuli mwekundu, na mvua hakuna.
Alitupitisha lango la ukuta, akatuonyesha
boriti zenye kapi, zimechomoza juu ya madirisha:
hapa, alisema, matajiri walipandisha chumvi,
magunia ya shayiri, samaki wakavu.
Chini walilala watu, juu ililala mali.
Karne saba alizimaliza kwa pumzi mbili;
wafalme wakapita mbele yetu
kama watu wa foleni ya chakula.

Mimi nilikuwa naangalia miguu.
Mawe ya njia ile hayana huruma,
kila jiwe lataka fikra yake.
Miaka thelathini na minne nimetembea wodi za Bergen,
sakafu laini kama uongo,
magoti yangu hayakusomea mawe.
Nikainama kufunga kamba ya kiatu,
harufu ya lozi na mdalasini ikanishika pua,
nilipoinua kichwa, mwavuli haupo.

Sikuita. Kusema kweli nilifurahi kidogo,
kama mwanafunzi aliyesikia mwalimu anaumwa.

Nikafuata uchochoro, ukuta mkuu kuliani.
Paka. Baiskeli isiyo na tandiko.
Kisha ua, na ndani ya ua upepo,
na mwanamke anapigana na shuka jeupe
lililoshiba hewa, linamburura kama ndama mkaidi.
Aliniona. Hakuuliza natoka wapi.
Alisema neno moja la Kiestonia, fupi,
akanirushia pembe mbili.

Mgeni siku ya tatu hupewa jembe.
Mimi, saa ya pili tu, nimepewa shuka.

Mikono ilikumbuka yenyewe.
Tulivuta mpaka nguo ikalia,
tukakunja, tukavuta tena, tukaendeana
hatua nne juu ya mawe, vidole kwa vidole;
nikamkabidhi pembe zangu,
nikainama kuokota mkunjo wa chini.
Karibu kiasi cha kuona povu
lililokaukia kwenye pete yake.

Hivi ndivyo nilivyokunja na Gudveig,
zamu za usiku, mashuka ya vitanda
vilivyokuwa na mtu jioni.
Hatukuwa tukisema neno.
Gudveig ndiye aliyepitisha bahasha ya mchango
nikanunuliwa tiketi hii, nikapumzike.

Tulikunja saba. La nane lilikuwa dogo,
la samawati, limechapwa vifaranga.
Mwanamke akaweka kidole mdomoni,
akanionyesha dirisha la juu kabisa,
chini ya boriti, chini ya kapi lenye kutu:
pazia limefungwa mchana kweupe,
na sauti ndogo ndani yake, inaanza kulia, inaghairi.

Akajigusa kifua: Heljo.
Nikajigusa: kidole kikagonga namba.
Nikaibandua. Ragnhild, nikasema.
Alijaribu mara mbili, jina likamshinda,
akaingia ndani, akatoka na mkate mweusi,
siagi, na juu yake samaki mdogo mwenye macho.
Nikala nimesimama, kapu la nguo katikati yetu.

Saa kumi na moja kasoro, Kaarel alikuwa gatini,
mwavuli umefungwa, uso umekunjamana.
Akaniuliza: nimeliona duka la dawa la kale? Ukumbi wa mji?
Basi umeona nini, mama?
Nikasema, nyumba moja.

Mashine ikalia ti.

Chumbani mhudumu alikuwa ameshatandika,
shuka limebana, halina hata kovu.
Nikalichomoa. Nikashika pembe mbili,
nikanyoosha mikono, nikasimama.
Meli ilikuwa imeanza kutetemeka.
Pembe mbili nyingine zililala sakafuni.