Fundo Likilowa

Siku ya kwanza Etelka alinipa kitana cha chuma,
mkasi akaufungia kabatini.
"Mkasi hauna haraka," alisema.
"Mikono ndiyo sijui kama unayo."

Duka lake lina meza mbili na beseni moja,
nyuma ya kituo cha mabasi, mjini Baja.
Danube iko hatua mia tatu kutoka hapa
lakini hatuioni; tunainusa tu
migongoni mwa mbwa waliotoroka kuogelea.

Nilianza kwa kosa. Pudo wa Bi Hajnalka
nilimmwagia maji kabla ya kumchana.
Mwenzako akinyolewa, zako tia maji:
aliyetunga methali hiyo hakuwahi kufuga pudo.
Fundo likilowa hukaza,
hung'ang'ania ngozi kama deni la dukani.
Saa mbili nzima nilikuwa kwapani mwa mbwa yule,
unga wa mahindi vidoleni,
nikifumua unywele kwa unywele kuanzia nchani,
naye akinitazama
kama mtu anayesubiri chenji.

Korom, puli wa mchungaji, hachanwi kabisa.
Vishungi vyake unavitenga kwa mkono,
kimoja, kingine, hadi shinani,
visije vikashikana vikawa mkeka.
Umkamue kama sifongo, usimsugue,
kisha siku mbili mbele ya feni,
la sivyo atanuka
kitambaa cha jikoni kilichosahauliwa.

Na Gombóc, wa miguu mifupi na manyoya ya waya,
hanyolewi, hunyonyolewa.
Silabi moja tu imezidi,
lakini mashine ikimpitia
rangi hupauka, waya hugeuka pamba,
na mvua inaingia.

(Vizsla wa mtu wa posta?
Glavu ya mpira, dakika tano, basi.
Etelka humtoza nusu bei, tena kwa aibu.)

Julai, joto la kuyeyusha lami,
Lőrinc akaja na Bodza, kuvasz mweupe, mkubwa kama kochi.
"Mnyoe wote. Hata mimi nimevua shati."
Etelka akayafungua manyoya kwa vidole viwili
akamwonyesha kule chini, karibu na ngozi,
malaika: meupe, mepesi, makavu, yamejaa hewa.
"Baridi ikija ni blanketi. Jua likija ni ukuta.
Wafukuze malaika hawa uone
kama watarudi wote."
"Nalipa mimi," alisema Lőrinc.
"Lipa kwingine," alisema Etelka.

Alimnyoa mwenyewe uani,
kwa mashine ya kondoo.

Septemba walirudi.
Mgongo wa Bodza ulikuwa shamba lililopitiwa na nzige,
mabaka mekundu, huku unyoya, huku hakuna,
na kwenye nyonga ngozi ilichunika kama rangi ya dirisha.
Nilisubiri aseme. Nilitaka aseme.
Alivaa miwani,
akaniambia nishike kichwa,
akaandika kwenye karatasi jina la daktari wa mifugo,
akapigia mstari,
halafu akaanza na kucha.
Kucha nyeusi huwezi kuona damu inapoanzia:
unakata kijipande, unatazama,
unakata kingine, unatazama,
mpaka katikati pakatokea kitone cheusi, kibichi.
Hapo unaacha.
Bodza hakuvuta mguu hata mara moja.
Lőrinc alisimama mlangoni, kofia mkononi,
akasoma tangazo la sabuni lote, hadi anwani ya kiwanda.
Alitozwa kucha tu.

Februari, theluji imekwisha kuwa tope,
alikuja peke yake.
Akatoa mfukoni kitana kipya, bei bado imebandikwa,
akakiweka mezani bila neno.
Etelka akakipitisha juu ya mkono wake mwenyewe,
mara moja, polepole.
"Meno yamebanana mno kwa mbwa yule," alisema,
akafungua kabati,
akampa cha kwake.