Mji Unaoitwa Hili

Mji unaitwa Hili,
kama mtu aliyeulizwa, "Neno gani?"
akanyoosha kidole.
Reli ndiyo mpaka: huku India, kule Bangladeshi,
na mbuzi hulala juu ya mataruma bila pasi.

Jumatatu, saa kumi na dakika arobaini za jioni,
Dattu Gaikhe wa Nashiki, siku tano barabarani,
tani ishirini za vitunguu nyuma yake,
aligongewa muhuri na Nirmalendu wa forodha.
Wino haujakauka, Delhi ikatoa waraka:
kuanzia leo kitunguu hakitoki.
Kwa manufaa ya mlaji wa ndani.

Leo. Leo ya saa ngapi?
Nirmalendu aliupekua waraka mbele na nyuma
kama mtu anayetafuta mfuko kwenye koti la kuazima.

Wala hapakuwa na ugomvi.
Wiki ileile mawaziri walikula meza moja,
wakaitana ndugu, wakaahidiana daraja na umeme,
na Dhaka, kwa heshima ya sikukuu ya jirani,
ikaruhusu ilishi, samaki wa fahari wa mito yake, wavuke.
Wakavuka. Niliwaona:
malori ya barafu yakidondosha maji
yakiyapita malori ya vitunguu langoni,
na walinzi wa pande zote mbili wakipiga saluti.

Nchi kubwa haina haja ya kukasirika.
Hufunga dirisha lake kwa sababu ya vumbi,
na jirani aliyekuwa akisomea mwanga wake
hubaki na kitabu mkononi.
Sisemi waraka ulikuwa uongo.
Delhi nako yupo mama anayekata kitunguu kimoja
kwa vyungu viwili.
Na Nashiki, usiku uleule, bei ya shambani ilianguka
hadi mkulima akaona haya kuitaja.

Siku ya tatu joto likaingia chini ya turubai.
Siku ya tano gunia la chini likaanza kulia.
Nasema kulia: matone ya hudhurungi,
moja moja, juu ya tairi.

Ng'ambo, hatua mia mbili, Monowara Khondokar
alikuwa ameshalipa. Benki ina hati,
hati ina tarehe, na riba hailali.
Kila asubuhi alikuja relini na mwavuli
akahesabu malori kwa kidole:
lake la kumi na saba, lenye tausi mlangoni.
Magazeti ya kwao yakasema, tutaagiza Misri,
tutaagiza Uturuki. Fimbo ya mbali.
Meli ina wiki nne,
mchuzi ni wa leo usiku.

Siku ya tisa, waraka wa pili:
waliogongewa muhuri siku ile
kabla ya saa kumi, wapite.
Nirmalendu akautazama muhuri. Akamtazama Dattu,
ndevu za siku tisa, shati la siku tisa.
Akainua macho kwenye saa ya ukutani,
ambayo tangu mvua za mwaka jana
imesimama saa tisa na robo.
Akaandika: saa tisa na robo.
Hakuna aliyecheka.

Magunia mia nne yalimwagwa uani kwa Monowara.
Wanawake sita wakachambua hadi giza,
vitambaa puani.
Yaliyopona, mia moja na kumi.
Hakumlaumu dereva. Alimlaumu nani?
Alileta sinia: wali, na kipande cha ilishi,
kilichobaki nyumbani baada ya wengine kusafiri.

Dattu akaunganisha viganja.
Samaki hali, tangu kwa babu zake.
Akala wali mkavu, polepole,
kisha akauliza kwa ishara,
ncha ya kidole ikielekea lundo lililopona,
kama angepata kitunguu kimoja kibichi
cha kusukumia tonge.

Monowara akasimama kwenda kukichukua.
Na Dattu, aliyekileta kutoka Nashiki,
akaanza kupapasa mfukoni,
akiuliza bei.