Hanga Kumi na Tisa

Saa kumi na robo alfajiri, giza halijafunga virago,
nao wameshaanza:
kaa! kaa! kaa!
Ndio kwanza nimevua viatu,
unga wa kiwanda cha mikate bado umo masikioni,
na mto wangu hanijui tena.

Siku ya nne nilipiga simu manispaa.
Nikasema: kunguru, juu ya mkafuri,
jengo la saba, Kawaguchi.
Nikasema: wanatupiga mbawa vichwani.
(Walimpiga mmoja tu, mleta barua.)

Akaja kijana na ngazi ndefu na kofia ngumu.
Akapanda. Akapiga mluzi.
"Kiota kizima ni hanga za waya!"
Akahesabu kwa sauti hadi kumi na tisa,
nyingine zingali na kibandiko cha dobi.

Hapo Bi Tokiko wa ghorofa ya nne,
ambaye tangu mazishi hajafungua pazia,
akatokea roshanini, kavaa ndala moja.
"Za mashati ya Yasuharu," alisema.
"Nilizitoa nje. Kabatini zilikuwa zinagongana usiku kucha."
Kisha: "Shuka, kijana. Hapa hakuna aliyelalamika."

Kijana akanitazama mimi.
Mimi nikaitazama ngazi.

Wanasema kunguru hafugiki. Sawa.
Ila leo, saa kumi na robo, nimelala macho wazi,
namsikia juu ya dari yangu akiburuta kiti hadi dirishani,
na yule ndege mwenye koo la msumeno akimwambia
kaa,
kaa,
naye anakaa.