Maswali ya Alhamisi

Alhamisi saa kumi nafungua dirisha la sakristia
ili moshi wa jiko la mkaa upate njia.
Wanaingia wanne, na matope ya Tandala viatuni,
kila mmoja na swali lake, kalikunjia ndani ya koti.
Mimi nina kitabu cha majibu, kimechakaa mgongo.
Mwinjilisti Ahimidiwe aliniachia akisema:
"Soma swali, soma jibu, usiongeze chumvi."

Lakini Ngailo, mpasua mbao, hakusubiri kitabu.
Bado alikuwa na unga wa msindano kwenye nyusi.
"Mwalimu, mkiomba mnafumba macho.
Mnaogopa kumwona, au mnaogopa kuonwa?"
Wenzake wakacheka. Nikacheka nami,
huku napekua ukurasa ambao haupo.
Nikamwambia: ukitaka kusikia msumeno umekwama wapi,
si nawe hufumba?
"Mimi nikifumba, napoteza kidole."
Akanionyesha kidole kisichokuwepo.

Kisha divai. Divai haijawahi kukosa darasani.
"Ulanzi umekosa nini?" akauliza Luvanda.
"Unatoka mwanzini, mwanzi ameuotesha Mungu,
asubuhi ni mtamu, hata mtoto anaramba,
jioni ndiyo unaniangusha mtaroni.
Hiyo yenu imekuja kwa lori kutoka Dodoma."
Nikasema si kinywaji, ni ukumbusho.
"Hata ulanzi hunikumbusha," akasema,
na safari hii hakucheka,
"hunikumbusha marehemu kaka."
Nikaandika daftarini: Luvanda. Kumuuliza mchungaji.

Na maji je, yatapashwa moto?
Maana ubatizo ni Julai,
mwezi ambao sakitu huua viazi kwa usiku mmoja
na mashamba huamka yamevaa sanda.
Nikajibu upesi: ni kiganja tu, mara tatu.
Mara tatu za nini, na Mungu ni mmoja?
Hapo kitabu kina kurasa mbili nzima.
Nikazisoma zote, hata vituo sikuruka.
Nilipoinua macho Atukuzwe alikuwa amelala,
kinywa wazi, kama anayepokea.

Tupokigwe hauliza.
Wiki ya sita anakaa karibu na mlango,
anasuka kikapu, fito za mwanzi zinalia krii, krii.
Leo mikono ikasimama.

"Wangu hakuyafikia hayo maji.
Alikaa siku mbili. Jina tulikuwa bado tunatafuta.
Baba mkwe akamzika nyuma ya pareto,
akasema kanisani hawampokei asiye na cheti.
Sasa mimi nikiingia, mwalimu,
yeye anabaki nje na nani?"

Nikafunua. Jibu la kumi na nne. La kumi na tano.
Kitabu kinajua mengi:
sakramenti ni ngapi, amri ya sita inakataza nini,
nani anaruhusiwa kusimama mdhamini.
Mtoto wa siku mbili hakimjui.
Mkaa ukapasuka jikoni. Ngailo akavua kofia.
"Ni mapenzi ya Mungu" ilifika mpaka kwenye meno,
nikaimeza, ikanichoma njia nzima.

"Sijui," nikasema.
Miaka kumi na moja nafundisha hapa.

Halafu nikasema: "Tupeleke alipo."
Atukuzwe akaamshwa. Tukapanda watano,
ukungu ukitutangulia, pareto imechanua pande zote,
na pale mwisho wa tuta, jiwe la ukubwa wa mkate.
Luvanda akang'oa magugu bila kutumwa.
Ngailo alikuwa na kipande cha ubao mfukoni,
akakichomeka, kitupu, hakina jina.
Tukaomba. Sikumbuki nilisema nini.
Nakumbuka hakuna aliyefumba macho.

Wakati wa kushuka, Luvanda akauliza
kama sadaka ya viazi hupimwa kwa debe au kwa moyo.
Nikamwambia: kwa debe.
Mzee wa kanisa ana debe lake.