Tundu la Chini

Chumba kilikuwa stoo ya simenti,
kuta za makoro, paa la bati,
mlango mmoja kuelekea barabara ya Majengo.
Nikaning'iniza taa sita juu ya mbao,
nikapanda saladi, nyanya, miche ya marakuja.
Nje, Goma imevaa sweta.
Ndani, taa zinanitoa jasho.

Siku ya tatu majani yakajikunja
kama noti iliyofuliwa mfukoni.
Kipimajoto: thelathini na sita.
Nikaacha mlango wazi, vumbi jeusi likaingia,
likakalia kila jani bila kuuliza bei.

Nikamwita Mumbere, fundi,
mwenye mita ya mbao na maneno ya kuhesabu.
Akaramba kidole, akakiinua hewani.
"Joto lina kiburi," akasema, "hupanda. Litobolee juu.
Baridi ni mnyonge, huingia kwa kutambaa. Itobolee chini.
Hewa ni wapangaji tu:
wa zamani asipotoka, mpya ataweka wapi godoro?"

Akapiga tindo siku nzima.
Makoro yaliwahi kukimbia, yakiwa moto;
tangu yapoe hayana haraka na mtu.
Tundu la juu likatoka adhuhuri,
la chini magharibi, usawa wa kifundo cha mguu,
upande wa shimo tunakotupa maganda.
Nikafunga uzi kwenye tundu. Uzi ukacheza.

Ishirini na tano. Ishirini na nne!
Ventilateri ikazunguka polepole,
miche ikayumba, ikasimama, ikayumba,
ndivyo shina linavyofunzwa kubeba.

Wiki ya tatu, rafu ya chini ikanenepa.
Saladi zake pana, sahani za harusi,
za juu bado vijikaratasi.
Nikajisifu. Samadi yangu, nikasema. Mkono wangu.
Mama Nsimire wa jirani hakusifu kitu.
Aliuliza: "Kuku wangu mwekundu yuko wapi?"

Alikuwa chini ya rafu, kalala ubavu,
hana jeraha, jicho wazi,
punje ya mtama ingali mdomoni.

"Usiiname," Mama Nsimire akaniambia. "Toka."
Akafunga mshumaa kwenye ncha ya ufito,
akasimama mlangoni, akauteremsha,
taratibu, kama ndoo kisimani.
Kifuani, unawaka.
Kiunoni mwali ukakonda,
ukazimika bila upepo,
na moshi wake haukupanda wala kushuka.
Ulitandaza mkeka hapohapo.

"Mazuku," akasema,
kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa kutaja jina la mkwe wake.

Basi nilikuwa nimeyatobolea mlango.
Hayana harufu, hayabishi hodi,
yanatoka ardhini na kulala mabondeni,
na majani yangu yaliyanywa kama uji.
Kilichowanenepesha wao
kingenitosha mimi, siku moja tu,
nikiinama kuokota kijiko.

Mumbere alikuja bila kuitwa, na ndoo ya simenti.
Hakuomba msamaha, sikumdai.
Aliziba kwa kiganja, si kwa mwiko,
amebana pumzi, anatoka, anarudi, anatoka,
kisha akatoboa pengine, upande wa barabara,
usawa wa bega langu.
Pesa alikataa. Kuku alimlipa yeye.

Siku hizi ni ishirini na nane, mara ishirini na tisa.
Nyanya zinalalamika kidogo, zinazaa.
Umeme ukikatika nafungua mlango,
nahesabu hadi mia mbili nikiwa nje,
halafu mshumaa ndio unaotangulia kuingia.

Rafu ya chini iko tupu.
Binti yangu Kyakimwa anauliza
kwa nini hatupandi pale panapostawi zaidi.
Sijapata jibu linalomtosha.
Nimechora mstari wa mkaa ukutani, kwa nje,
urefu ule mshumaa ulipozimika,
na kila mwisho wa mwezi namsimamisha hapo,
visigino vikigusa jiwe.
Ameshaupita kwa kichwa na shingo.
Nasubiri mabega
ndipo nimpe ufunguo.