Asilimia Tano

Kutaisi, Februari. Theluji imegoma kuyeyuka
na mimi vilevile.
Miezi mitatu nimeukimbia mkate wa jibini,
nimepanda ngazi za kanisani
bila dhambi ya kuungama,
na mizani inanipunguzia gramu mia nne,
kama muuza duka aliyekosa chenji
akakupa peremende.

Mama mkwe anakata kipande, anakisogeza:
"Nestani, kula. Mwanamke mkavu hazai."
Simwambii kwamba ovari zangu
zimejaa vijifuko kama komamanga lililogoma kuiva,
kwamba insulini inapiga hodi
na seli zimetia pamba masikioni.
Natafuna tango.
Usiku nang'oa nywele za kidevu
kwa kibano ninachokificha kwenye kopo la nyuzi.

Daktari alisema: asilimia tano tu,
huenda mwili ukakumbuka.
Tano tu! Kilo nne na nusu,
paka wetu mzima, na mkia wake.

Leo alfajiri, baada ya siku mia na kumi na mbili,
doa.
Dogo, jekundu, kwenye shuka nyeupe.
Nimekaa ukingoni mwa kitanda, nacheka peke yangu.

Mizani sijaipanda.
Shuka nayo, sina haraka ya kuifua.