Ndoo ya Deni

Nilimwita Deni
kwa sababu nilimnunua kwa mkopo wa kikundi,
elfu ishirini kila Jumatatu, wiki kumi na nane.
Mkopo ulipokwisha, jina likakataa kutoka.

Kiangazi cha Bukene maji hayaji, yanafuatwa:
madumu kumi, mkokoteni wa matairi ya gari lililokufa,
kisimani hadi stesheni,
stesheni hadi kwa wakaanga maandazi,
Deni mbele, masikio yakihesabu njia.

Siku ya kwanza alikohoa.
Nikasema, vumbi.
Siku ya tatu aliacha pumba kwenye sinia,
kamasi zikamning'inia, nzito, za njano.
Nikasema, mafua; nani hajaugua mafua?
Wateja walikuwa wameshalipa.
Punda afe, mzigo wa bwana ufike,
na bwana mwenyewe ndiye mimi,
bwana mwenye kanga iliyotoboka
na ndala za rangi mbili.

Jioni akainama horini wanapoinama wote,
pipa lililopasuliwa kwa urefu, mali ya kila mtu.
Akanywa funda moja, likamshinda kumeza,
maji yakamtoka puani
yakarudi ndani ya hori.
Niliona.
Naandika hivyo hivyo, bila pambo: niliona.

Kesho yake chini ya taya palikuwa na limau.
Keshokutwa, ngumi.
Alipumua kama mtu anayeburuta gunia kwenye changarawe,
shingo kainyoosha mbele
akiomba hewa nafasi ya kupita.

Nyanjige wa mifugo alikuja na pikipiki,
akavua kofia, akapapasa tezi kwa vidole viwili.
"Streptokoka," akasema. "Ni bakteria.
Ukiwatazama kwenye darubini
wamepangana kama shanga kwenye uzi."
Nikatazama kiuno cha binti yangu aliyekuwa akioga uani.
"Wanapita puani, wanapita horini,
wanapita hata mikononi mwako.
Amekunywa wapi?"

Nikasema, nyumbani.

Akaniachia kazi: maji moto, chumvi, kitambaa,
asubuhi na usiku, mpaka jipu liive lenyewe.
"Usiliharakishe kisu."
Usiku wa sita nikiwa nimemkanda, taa ya simu mdomoni,
likapasuka.
Usaha ukanijaa kiganja, ukatiririka hadi kwenye kiwiko,
harufu ambayo sabuni mbili hazikuitosha,
na Deni akashusha pumzi ndefu, tamu,
akaniegemeza kichwa begani
kama vile mimi ndiye niliyemponya.

Wanasema shukrani ya punda ni mateke.
Laiti angenipiga.

Kwa Misigalo, nyumba ya nne kutoka kisimani,
punda jike alianza kukohoa Alhamisi.
Alikuwa na mtoto wa miezi mitatu, miguu mirefu kuliko akili,
aliyekuwa akikimbizana na kuku na kushindwa.
Jipu la mtoto halikutoka nje.
Lilivimbia ndani, kooni,
na alfajiri ya treni ya mizigo
Misigalo alimkuta kalala, kinywa wazi,
mama yake akimsukuma kwa pua
ainuke.

Hakunitukana. Alikuja kununua maji
akanihesabia sarafu moja moja,
hakudai hata ile mia ya chenji.

Sasa Deni ana kovu chini ya taya, halioti manyoya.
Anakunywa kwenye ndoo yake ya bluu
niliyoiandika jina kwa rangi ya mlango.
Watoto wanacheka: punda wa kizungu, ana kikombe chake!
Hori tumeligeuza juu chini,
kuku wanatagia kivulini mwake.
Nyanjige alirudi, akaona, akaandika kitu kwenye daftari,
hakuniuliza tena alikunywa wapi.

Misigalo bado sijamwambia.
Nimefika mlangoni kwake mara tatu,
mara tatu nimeuliza bei ya mtama.

Nikiita "Deni!" barabarani
punda hugeuka.
Siku hizi nami nageuka.